Koplo aliyeulizwa anapigania nchi ya nani

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Waruhiu Itote alikuwa ndani ya handaki huko Burma, bunduki mkononi, alipoulizwa swali ambalo hakuwahi kujiuliza. Aliyemuuliza ni askari Mwingereza waliyekuwa naye zamu. Mimi nikiuawa hapa, alisema yule Mwingereza, angalau najua nimekufa kwa ajili ya nchi yangu. Wewe je? Ukifa leo, kwenu watapata nini? Itote hakuwa na jibu. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1967, anasimulia jinsi swali lile lilivyomganda kichwani.

Januari 1954 mtu huyohuyo alikamatwa chini ya Mlima Kenya akiwa na jeraha la risasi kooni. Serikali ya kikoloni ilimjua kama Jenerali China, kamanda wa wapiganaji wa Mau Mau upande wa mlima huo. Miaka kumi baadaye alikuwa ndani ya sare nyingine, ya serikali huru, akisimamia vijana waliokusanywa kutoka kila pembe ya Kenya.

Kisa hiki husimuliwa kwa ufupi hivi: kijana akaenda vitani, akaona dunia, akarudi amefunguka macho, akaingia msituni. Si uongo, ila kimenyooshwa mno. Ninavyokisoma mimi, jeshi lilimpa Itote vitu viwili. Kwanza kipimo, maana sasa aliweza kuyapima maisha ya nyumbani kwa kitu kingine alichokiishi kwa mwili wake. Pili lilimpa "sisi" mpya, pana kuliko ile aliyozaliwa nayo, na aliporudi hakukuwa na mahali pa kuiweka. Tabu yake yote ya baadaye naiona inatoka hapo.

Kijana wa mboga

Alizaliwa mwaka 1922 Kaheti, Mukurwe-ini, wilaya ya Nyeri. Alipokwenda Nairobi kutafuta maisha, alijaribu biashara ndogo ya mboga pamoja na wenzake, lakini masharti yaliyowekwa kwa wafanyabiashara Waafrika yakawakwamisha. Januari 1942 akajiandikisha jeshini. Tusimvike ushujaa kabla ya wakati: kwa vijana wengi wa umri wake jeshi lilikuwa mshahara, nguo na chakula, na kwa wengine, hasa waliochukuliwa kuwa vibarua wa kijeshi, hapakuwa na hiari yoyote. Wakenya Waafrika zaidi ya 90,000 walipita katika vita vile kwa njia moja au nyingine.

Keya, kama watu walivyozoea kuwaita King's African Rifles, lilikuwa jeshi la Waafrika lenye maofisa Wazungu. Mwafrika alipanda hadi sajini, na akibahatika sana akawa warant ofisa akiongoza platuni. Kamisheni ilikuwa ya Wazungu. Maofisa hao walikuwa na imani yao kuhusu "makabila ya kivita". Wakamba na Wakalenjin walihesabiwa kuwa askari wa kuzaliwa. Wakikuyu walishukiwa, ikasemwa wamesoma mno na wana maneno mengi, hivyo wengi wao waliishia kwenye vikosi vya ufundi na vibarua. Kwa hiyo Mkikuyu mwenye bunduki kwenye mstari wa mbele alikuwa, tangu mwanzo, mgeni kidogo ndani ya jeshi lake mwenyewe.

Hata hivyo jeshi lilikuwa na namna yake ya kuwachanganya watu. Kuruta waliotoka nyumba zenye lugha ishirini walipewa lugha moja, Kiswahili cha Keya: amri tupu, ngeli zimekatwakatwa, kitu ambacho mwalimu yeyote wa Kiswahili angekimalizia wino mwekundu. Lakini kilitosha kuombea maji na kumwonya mwenzako kwamba adui yuko kulia. Mwaka 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikusanywa Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Ilikuwa na watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, wote wakivaa begani nembo moja, kichwa cha kifaru. Mwaka uliofuata, masika ya huko yakiwa yamepamba moto, divisheni ile ilishuka Bonde la Kabaw, ikisukumana na Wajapani kwenye tope na malaria. Bonde lenyewe liliitwa Bonde la Mauti. Desemba 1944 waliingia Kalewa, ukingoni mwa Mto Chindwin.

Chai, maji na choo

Katika kumbukumbu zake kuna kifungu kifupi ambacho mimi nakiona ndicho kiini cha kisa chote, kuliko hata lile swali la handakini. Anasema kwamba palipokuwa na makombora na risasi, majivuno ya Wazungu waliopigana nao bega kwa bega yaliyeyuka. Walikunywa chai ileile, wakatumia maji yaleyale na vyoo vilevile, wakacheka mizaha ileile. Matusi ya rangi hayakusikika. Joto la vita lilikuwa limeyababua yote hayo, wakabaki binadamu wanaongoja kufa au kupona.

Namwomba msomaji asikipite choo hicho haraka. Nairobi ya siku zile ilikuwa na vyoo vya Wazungu, vya Wahindi na vya Waafrika. Hotuba kuhusu usawa wa binadamu unaweza kuisikiliza, ukaisifu, ukaisahau kabla ya jioni. Choo unakwenda kila siku. Mtu aliyekaa miezi akichangia choo na Mzungu, bila mbingu kuanguka, hahitaji tena kufundishwa na mtu kwamba ule mpaka wa Nairobi umetengenezwa na watu. Aliudhani mlima, kumbe ni kibao kilichopigiliwa msumari mlangoni.

Na tusitie chumvi. Jeshi lenyewe halikuwa pepo ya usawa. Mshahara na vyeo viliendelea kufuata rangi, na mtu aliporudi nyuma ya mstari wa mbele alikuta kila kitu kimerudi mahali pake. Usawa ulikuwepo pale tu kifo kilipokuwa karibu. Lakini nadhani hiyo ndiyo sababu ulimchoma zaidi. Kama Wazungu wangekuwa hawawezi kabisa kuishi naye kama mtu, angeweza kusema ndivyo walivyoumbwa. Sasa alijua wanaweza, na kwamba nyumbani wanachagua wasiweze.

Kitu cha pili anachokitaja ni kwamba jeshini ndiko alikoanza kujiona Mkenya. Kabla ya hapo alikuwa Mkikuyu wa Nyeri. Akiwa maelfu ya kilomita kutoka nyumbani, mbele ya Mhindi au Mmarekani anayemuuliza ametoka wapi, "Nyeri" halikuwa jibu. Hapo ndipo jina la koloni, lililochorwa na wengine kwenye ramani, linapoanza kuwa jina la mtu.

Alipokwenda likizo Calcutta alikutana na askari Mmarekani mweusi anayemtaja kwa jina la Stephenson. Huyo, anasema, alimwambia kwamba Wazungu wanaopigana leo watabaki mashujaa kwao daima, ila Mwafrika atakuwa shujaa wa siku moja kisha asahaulike. Kama unataka ushujaa, kaupiganie kwenu. Na raia wa Kihindi wakamshangaa. Wao walikuwa wakidai uhuru kama malipo ya kusaidia vita. Ninyi mmedai nini? Hawakuwa wamedai kitu.

Hapa inabidi nikohoe kidogo. Mwingereza, Mmarekani, Mhindi: watu watatu, kila mmoja na somo lake, wote wakisukuma upande mmoja. Maisha hayapangwi vizuri hivyo. Itote alikuwa akiandika miaka zaidi ya ishirini baada ya mazungumzo yale, nchi imeshapata uhuru, naye ni mtumishi wa serikali inayohubiri umoja. Mwaka 1967 "jeshini nilijifunza kuwa Mkenya" yalikuwa maneno yanayofaa sana kusemwa. Siamini alitunga, ila naamini alipanga. Kumbukumbu hufanya kazi kama fundi cherehani: kitambaa ni chako kweli, lakini mshono ni wa siku uliyoshonewa. Kwa sababu hiyo nayaamini zaidi maneno yake kuhusu chai na choo kuliko hotuba ya Stephenson. Hakuna aliyehitaji choo mwaka 1967.

Lile swali la handakini, hata hivyo, lilikuwa na mwangwi ambao yule Mwingereza pengine hakuujua. Nairobi, kwenye barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue, kulikuwa na sanamu za askari na wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, zilizosimamishwa mwaka 1928. Chini yake pameandikwa, kwa Kiswahili pia, kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Serikali yenyewe ilimwambia askari Mwafrika kwamba ana nchi. Ilisahau kumwambia ni ipi.

Kurudi uraiani

Ukimsikiliza mwanajeshi yeyote aliyeacha kazi, atakwambia ugumu hauko vitani tu; uko siku unapovua magwanda. Jana ulikuwa na namba, cheo, watu wa kukutegemea usiku. Leo wewe ni raia kama wengine. Kwa askari wa Burma kulikuwa na zaidi. Alichovua shingoni jeshini ni kitambulisho cha askari, na alichokuta nyumbani ni kipande, cheti ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea nacho na ambacho miaka mingi kilivaliwa shingoni ndani ya kibati. Mzungu hakuwa na kipande. Utaratibu huo ulikuja kubadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1940, ila kwa waliokuwa wamesharudi, tusi lilikuwa limeshaingia.

Halafu ardhi. Baada ya vita vya kwanza, mwaka 1919, serikali iligawia mashamba askari wa Kizungu waliostaafu. Baada ya vita vya pili kukawa tena na mpango wa kuwaleta walowezi wapya Wazungu. Askari Mwafrika hakuwa kwenye orodha. Fikiria uko na mwenzako kwenye tope moja, mnagawana chai, vita vinakwisha, yeye anapewa shamba katika nchi yako na wewe unaonyeshwa kipande.

Itote alipata kazi reli, akitia moto kwenye injini za treni. Akajiunga na chama cha KAU (Kenya African Union), akashiriki harakati za vijana na wafanyakazi wa Nairobi, na mwaka 1950 akala kiapo cha Mau Mau. Agosti 1952 alikuwa msituni. Oktoba 20 mwaka huohuo gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari.

Huku Mlima Kenya ukoplo wake wa Keya ulifufuka. Alitaka vyeo, nidhamu, kumbukumbu zilizoandikwa, ugavi unaohesabiwa. Alikuwa akijenga jeshi kwa ramani aliyopewa na Keya, kwa ajili ya kupigana na Keya. Hilo limesemwa na wengi. Kinachosemwa kwa nadra ni upande wa pili: ile "sisi" ya Burma ilikuwa na watu wa makabila yote chini ya kifaru kimoja, ila kiapo alichokula kilikuwa, kwa lugha yake, ibada zake na watu wake, cha Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi kuliko cha mtu mwingine. Mtu aliyetoka vitani akijiita Mkenya aliingia kwenye vita vya uhuru kupitia mlango mwembamba kuliko aliokuwa ameshauvuka. Sidhani alikuwa na mlango mwingine. KAU kilipigwa marufuku mwaka 1953, na jeshi la Wakenya wote lililokuwepo lilikuwa upande wa pili wa mtutu.

Wenzake wa jeshini walikwenda wapi

Hapa ndipo ile hadithi iliyonyooka inapovunjika. Kama jeshi lenyewe lingetosha kumgeuza mtu mpigania uhuru, Kenya ingekuwa na majenerali msituni kwa maelfu. Waliorudi walio wengi walioa, wakajenga, wakalima, wakanyamaza. Wanahistoria walioyachunguza maisha yao walikuta kwamba wengi hawakuwa wanasiasa kuliko majirani zao ambao hawakutoka nyumbani.

Wengine walibaki Keya, na vikosi vya Keya vikatumwa kuwasaka Mau Mau. Idi Amin, aliyejiunga mwaka 1946, alikuwa miongoni mwa askari hao nchini Kenya. Kwata ileile, Kiswahili kilekile cha amri. Kwa mtu kama huyo jeshi lilikuwa ndilo kwao. Mtazamo wake uliishia palipoishia uzio wa kambi, na aliyekuwa nje ya uzio alikuwa raia tu, wa kuamrishwa.

Bildad Kaggia naye alikuwa jeshini vita vile, akafika Mashariki ya Kati na Uingereza. Yeye alirudi akiwa amegombana na kanisa la wamisionari, akaanzisha kundi lake la dini, akahamia vyama vya wafanyakazi, na mwishowe akasimama kizimbani Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, wakishtakiwa kuongoza Mau Mau. Safari inafanana na ya Itote, ila jeraha ni tofauti: Kaggia alirudi akibishana na mafundisho, Itote alirudi akibishana na milango.

Tofauti iko wapi basi? Mimi naiona kwenye kile mtu alichokikuta aliporudi, na kile alichokuwa nacho kabla ya kuondoka. Itote alikuwa Mkikuyu, wa eneo ambako ardhi ilikuwa donda bichi, aliyeshindwa biashara kwa kuzuiwa, aliyeishi Nairobi kati ya vijana wenye hasira. Kipimo alichopewa na vita kilikuta kitu cha kupima. Mkamba aliyerudi kwenye mshahara wa jeshi na heshima ya kijiji kizima alikuwa na kipimo hichohicho mfukoni. Hakupata sababu kubwa ya kukitoa.

Jenerali anayezungumza

Alipokamatwa, Itote alihojiwa kwa saa nyingi na Ian Henderson, ofisa wa polisi aliyekulia Kenya na kuzungumza Kikuyu kama mwenyeji. Akahukumiwa kunyongwa. Kisha hukumu ikabadilishwa, kwa sababu alikuwa amekubali kuwaandikia wenzake wa msituni ili yafanyike mazungumzo ya kusalimisha silaha. Mazungumzo hayo yalisambaratika Aprili 1954 baada ya jeshi kuwashambulia wapiganaji waliokuwa wamekusanyika. Msituni kulikuwa na waliomwita msaliti, na neno hilo halikufutika kirahisi.

Sitaki kumtetea wala kumhukumu, ila nadhani jeshi linaeleza sehemu ya jambo hili. Mtu aliyefunzwa jeshini huiona vita kama kitu chenye mwanzo na mwisho: makamanda hukutana, masharti hujadiliwa, bunduki huwekwa chini. Mateka ni mateka, si msaliti. Mtu aliyefunzwa na kiapo haoni hivyo. Kwake kuzungumza na adui ni kuvunja kitu kitakatifu. Itote alikuwa na mafunzo yote mawili ndani ya mwili mmoja, na kitanzi mbele yake. Kitanzi tusikisahau, maana wachambuzi tunapenda fikra kuliko hofu.

Alipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa, kwenye jua lisilo na huruma, alikofungwa Kenyatta na wenzake. Huko Kenyatta alimfundisha Kiingereza. Wafungwa waligawanyika: Kaggia na wengine wakamgeuka Mzee, Itote akabaki upande wake. Maaskari wawili wa zamani wa jeshi moja, gereza moja, pande mbili.

Alitoka mwaka 1962. Akapelekwa Israel kwa mafunzo, akarudi. Jeshi jipya la Kenya lilijengwa juu ya vikosi vilevile vya Keya vilivyobadilishwa jina usiku wa uhuru, kwa hiyo waliokuwa wakimsaka msituni ndio waliokuwa sasa jeshi la taifa. Yeye alipangiwa Huduma ya Vijana kwa Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Geoffrey Griffin, Mzungu wa Kenya aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi upande wa Waingereza wakati wa Hali ya Hatari. Itote akawa msaidizi wake. Chini yao kulikuwa na kuruta wa kila kabila, sare moja, bweni moja, majembe na gwaride.

Keya alikaa kama miaka minne. Msituni, mwaka mmoja na nusu. Kifungoni, minane. Kwenye kambi za vijana alikaa ishirini, hadi alipostaafu mwaka 1984.